Ya Zamani Ni Ipi

Alhamisi ya tarehe tatu Aprili, Consolata alikwenda dukani kwa Alfonce kununua sabuni ya mche na kiberiti. Akarudi bila sabuni, bila kiberiti na bila amani. Alfonce aliishika noti yake ya elfu kumi kwa ncha za vidole viwili, akaisogeza mwangani, akaigeuza, kisha akairudisha juu ya kaunta kama mtu aliyeokota panya.

"Hii sipokei, Mama Amos. Hii ni ya zamani."

"Ya zamani vipi? Nimepewa jana mwaloni."

"Kwani wewe redio husikilizagi? Pesa za zamani mwisho tarehe tano. Keshokutwa hiyo. Baada ya hapo utafungia maandazi."

Consolata aliitazama noti yake. Ilikuwa imepauka, imekunjwa mara nane, na kona moja ilishikiliwa na selotepu. Kusema kweli, ilinuka. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa ananunua dagaa mwaloni, pale mitumbwi ya ziwani inaposhusha samaki, anawaanika na kuwauza kwa debe, na pesa ya dagaa haina usafi. Inapita kwenye mikono yenye magamba, inalowa ndani ya mtumbwi, inalala kifuani mwa mama mwenye jasho. Ikizunguka mwaloni mwezi mmoja, hata tembo aliyechorwa juu yake huwezi kujua anaangalia wapi.

Na mtaa mzima wa Mwisenge, pale Musoma, mtu akikwambia pesa ya zamani, hazungumzii mwaka. Anazungumzia uchakavu. Pesa mpya ni ile inayolia ukiipiga kidole. Pesa ya zamani ni ile iliyochoka. Redio ilikuwa imetangaza tangu Januari kwamba noti za zamani zinaondolewa, na watu wa mtaani walisikia kwa masikio yao wenyewe, kwani mtu hana masikio ya jirani. Konda alikataa noti ya mtu. Muuza nyanya naye akakataa. Kufikia Alhamisi hiyo kila mtu alikuwa anampa mwenzake noti iliyokunjamana na hakuna aliyetaka kubaki nayo.

Ingekuwa ni noti ile moja tu, Consolata angeinunulia vocha akalala. Lakini nyumbani kwake, chumbani, kulikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Lilikuwa la kikundi cha Tujikaze, wanawake kumi na sita, wengi wao wa dagaa na wachache wa maandazi. Mwaka mzima walikuwa wanaweka kila Jumanne, na walikubaliana kuvunja kikoba wiki ya Pasaka, kila mtu achukue chake. Ndani mlikuwa na milioni tatu, laki nane na elfu arobaini. Noti zote zilikuwa za mwaloni.

Mtaa wa pili palikuwa na mwanamke aliyepoteza fedha za kikundi chake, wala hakuiba, alizipoteza tu kwa ujinga. Alihama Musoma, lakini jina lake halikuhama. Hadi leo watu wanalitumia kama tusi. Consolata alijua kwamba pesa hiyo ikifia chumbani mwake, hakuna atakayeilaumu redio.

Aliwaita wenzake wawili wenye funguo. Sara, mama mpole wa maandazi, alifika na unga mikononi. Robi alifika akiwa tayari na hasira, maana Robi hazaliwi upya kila siku. Alizaliwa na hasira mara moja ikamtosha maisha yote. Walifungua kufuli zote tatu, wakamwaga noti kitandani, wakaanza kuzitenga, mpya upande huu na za zamani upande ule. Rundo la mpya lilikuwa na noti sita.

"Twende benki kesho," alisema Sara.

"Benki watatuuliza tumezitoa wapi," alisema Robi. "Kikundi chenyewe hakina hata muhuri. Mimi nimesikia ukipeleka nyingi wanakuandika jina."

"Wanakuandika kwa sababu gani?"

"Ningejua ningekuwa hapa nahesabu karatasi?"

Sara akasema basi wangoje, huenda serikali ikaongeza siku. Robi akasema serikali ikiongeza siku basi na ziwa litahama. Walibishana mpaka maji ya uji yakakauka jikoni, na kila hoja ilipotolewa Consolata aliona ina ukweli, ikaja nyingine inayoipinga, akaona nayo ina ukweli. Kichwa chake kikawa kama debe linalotikiswa. Mwishowe alisema jambo lililomjia, kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa hukimbilia kwa mkubwa wake.

"Nina baba mdogo, Butiama. Mzee Felisiani. Alikuwaga karani wa ushirika wa pamba. Yule ameshaona pesa ikifa. Tukamuulize."

"Mpigie simu," alisema Sara.

"Mambo ya pesa hayasemwi kwenye simu. Halafu yule hasikiagi vizuri, itabidi nipige kelele mtaa mzima usikie."

Walikubaliana Consolata na Robi waende, na fedha ziende nao, ili uamuzi wowote utakaopatikana ufanyike hukohuko kabla siku hazijaisha. Wakazifunga kwenye mfuko wa nailoni, wakaziweka chini kabisa ya ndoo, na juu yake wakamwaga kilo tano za dagaa wakavu. Ijumaa alfajiri waliondoka. Consolata alikumbatia ndoo hiyo njia nzima, abiria aliyekaa karibu akadhani ni mama mwenye kupenda sana dagaa.

Nyumba ya Mzee Felisiani iko ndani kidogo kutoka Butiama penyewe, mwendo wa bodaboda. Walimkuta anagombana na redio yake, amevaa koti zito juani. Mkewe, Mama Getruda, alikuwa anamenya mihogo mlangoni mwa jiko. Baada ya shikamoo, na habari za wagonjwa, na habari za mvua, na chai, Consolata alieleza shida yake.

Mzee alizima redio. Ungemwona ungedhani ameitwa tena kazini.

"Mwanangu, umefika mahali penyewe. Mimi nimezika pesa mara tatu."

Akaanza na mazishi ya kwanza. Nchi ilipoacha shilingi ya Afrika Mashariki na kuchukua ya kwake, yeye alikuwa kijana, na baba yake alikuwa na noti ndani ya kibuyu. Watu walimwambia akabadilishe. Akasema serikali inatania. "Haikutania," alisema mzee. "Tulimzika na kibuyu chake. Funzo: serikali ikisema, kimbia."

"Basi tukimbie benki," alisema Consolata, akahisi moyo umetulia.

"Ngoja! Sijamaliza. Themanini na tatu, vita ya wahujumu uchumi. Bidhaa hakuna, sabuni hakuna. Mimi kwa akili yangu nilikuwa nimejiwekea sukari mifuko sita na katoni nne za sabuni, kule Kiriba kwa shemeji. Ikatangazwa mwenye mali ya kuficha atakamatwa. Nilikimbia kweli! Nilizibeba mimi na shemeji, tukazitupa ziwani."

"Sabuni mliitupa ziwani?"

"Ziwa lilitoa povu siku mbili. Samaki wa Kiriba mwaka ule walikuwa wasafi." Hakucheka. Mambo ya sukari ile yalikuwa bado yanamuuma miaka arobaini baadaye. "Funzo: usiweke mali. Weka pesa."

"Kwa hiyo tusinunue kitu," alisema Robi.

"Nikaweka pesa. Pesa ya pamba, ya kununulia baiskeli. Themanini na sita shilingi ikaporomoka. Nilipokwenda Musoma dukani na pesa ya baiskeli, nilirudi na tairi mbili na kengele. Nilitembea njia nzima nikipiga kengele ile kwa uchungu. Funzo: usiweke pesa."

Mama Getruda, bila kuinua macho kutoka kwenye mihogo, alisema, "Kengele ipo. Tunafukuzia kuku."

"Ndipo nikaanza kuweka bati," mzee aliendelea. Akaonyesha kwa kidole nyuma ya jiko. Kulikuwa na rundo la bati refu kama kitanda, jekundu kwa kutu, na nyasi zimeota katikati. Kila alipopata senti alinunua bati, miaka kumi na zaidi, kwa sababu bati haliporomoki. Nyumba moja ilikwisha kuezekwa. Bati zilizobaki zilingoja nyumba nyingine ambazo hazikujengwa kamwe. "Na ng'ombe nilikuwa nao pia. Kumi na wanne."

"Wako wapi?"

"Waliibwa."

Consolata alishika kichwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, lakini huyu mzee aliumwa na nyoka, na mbwa, na nge, na kila mmoja alimwachia funzo, na mafunzo hayo yalikuwa yanapigana ngumi ndani ya koti lake zito.

"Sasa baba mdogo, mimi nishike lipi?"

"Kitu chenye miguu. Nunua ng'ombe."

"Si umesema waliibwa?"

"Waliibwa kwa sababu ni kitu cha thamani! Umeshaona mwizi anaiba bati zangu? Pesa ikitangazwa kufa, wewe ibadilishe iwe kitu kinachopumua. Bunda, Manyamanyama, yuko Mwandu, ana zizi. Baba yake alikuwa mkulima wangu wa pamba. Mwambie nimekutuma mimi."

Alisema kwa uhakika mkubwa, na uhakika ndicho kitu Consolata alichokuwa amekifuata. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alikubali. Robi aliguna, lakini hakuwa na la kwake la kusema, na kuguna peke yake hakuzuii kitu.

Jioni, Consolata alipokwenda jikoni na ndoo yake kuwaachia wenyeji dagaa kidogo na kusaidia kusonga ugali, Mama Getruda alimsogelea. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, wa kuuliza kwa sauti ya chini.

"Hizo zinazokufa ni zipi hasa?"

Consolata alichomoa noti moja kwenye mfuko uliokuwa ndani ya ndoo akamwonyesha. "Hizi, mama mdogo. Zilizochoka. Angalia."

"Na ambayo haijakunjwa hata mara moja? Ile inayolia?"

"Hiyo ina shida gani! Hiyo si mpya? Hiyo itatuzika sisi sote."

Mama Getruda aliitika kwa kichwa. Alirudi kwenye chungu chake, na Consolata alimsikia anaimba wimbo wa kanisani puani, akafurahi kwamba angalau nyumba hiyo ina mtu mmoja asiye na wasiwasi.

Jumamosi asubuhi, tarehe tano, walipitia Nyamuswa wakaingia Bunda kabla jua halijawa kali. Zizi la Mwandu lilikuwa nyuma ya nyumba za kupanga Manyamanyama, na walipofika walikuta watu wengine wawili wanaondoka na ng'ombe wao, nao nyuso zao zimekunjamana kama noti. Mwandu mwenyewe alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye fimbo kwapani. Aliposikia jina la Mzee Felisiani alicheka.

"Yule wa bati? Karibuni sana, mama zangu. Mna noti za zamani, si ndiyo? Msijali, mimi napokeaga. Ila elfu kumi yenu nitaihesabu kwa elfu nane. Na mimi nabeba hatari."

Robi alihesabu kwa vidole. Kwa hesabu hiyo na kwa bei zake, wangepata ng'ombe watatu. Mwandu aliwaonyesha: mmoja mzima, mmoja anayechechemea, na mmoja ambaye mbavu zake ungeweza kuzitundikia nguo.

"Wanawake kumi na sita, ng'ombe watatu," alisema Robi. "Mimi Pasaka nitapewa mkia."

"Mama, leo ni tarehe tano. Kesho huo mkia nao hampati."

Consolata aliweka ndoo chini. Aliingiza mkono ndani ya dagaa, akaushika mfuko, na mkono ukakataa kutoka. Hakuwa na sababu. Alikuwa na mafunzo matatu ya baba mdogo, ushauri wa Sara, uvumi wa Robi, tangazo la redio na kicheko cha Alfonce, na vyote vilikuwa vinasema kwa pamoja. Alitamani kulia. Akasema anaomba anywe maji kwanza.

Pembeni ya zizi alikaa mwanamke muuza uji. Mwandu naye alisogea, akataka kikombe, akanywa kwa mkupuo mmoja, kisha akaingiza mkono mfukoni na kumlipa. Consolata aliiona noti ile vizuri. Ilikuwa ya elfu mbili, imechanika katikati, imebandikwa kwa karatasi ya daftari. Ilikuwa mbaya kuliko yoyote iliyokuwa ndani ya ndoo yake. Muuza uji aliipokea bila hata kuitazama, akaifunga kwenye pindo la kanga, akamrudishia chenji.

"Mama," Consolata alimuuliza yule muuza uji, "hiyo si ya zamani?"

"Imechanika tu. Inanunua unga." Akaendelea kukoroga.

Consolata alimgeukia Mwandu. "Ndugu yangu, kama hizi zinakufa leo, wewe unazipokelea nini?"

"Si nimesema nabeba hatari?"

"Ukizibeba unazipeleka wapi?"

Mwandu alicheka tena, lakini safari hii kicheko kilichelewa kidogo. "Mimi nina mtu wangu benki."

"Basi na mimi nakwenda kumtafuta mtu wako," alisema Consolata, akanyanyua ndoo. Akili za kuambiwa huchanganywa na zako, na yeye kwa siku tatu hakuwa amechanganya hata chembe ya zake.

Waliingia benki saa tano kasoro robo. Kulikuwa na foleni, si kubwa kama walivyotishwa, na hakuna aliyekuwa anaandikwa jina kwa ubaya wowote. Dirishani alikaa msichana mwenye miwani. Consolata alipofungua mfuko, harufu ya dagaa ilivuka kioo, msichana akarudisha kiti nyuma.

"Tumeleta za zamani," alisema Consolata. "Tunaomba utubadilishie kabla hazijafa."

Msichana alizikagua, rundo hadi rundo. Aliweka pembeni noti tatu za mia tano. "Hizi tatu ndizo za zamani. Mia tano za karatasi. Nitawapa sarafu."

"Na hizi nyingine?"

"Hizi zina shida gani, mama? Hizi ni chafu tu. Kama hamzitaki kwa sababu zimechakaa, nawabadilishia. Siku yoyote. Hata mwezi wa kumi."

Robi alikaa sakafuni palepale, akaanza kucheka na kutukana kwa Kikurya, vyote kwa pamoja. Consolata alishika ukingo wa dirisha. Milioni tatu, laki nane na elfu arobaini zilikuwa hai. Hazikuwahi kuugua. Furaha ilimpanda mpaka machoni, na nyuma ya furaha ikaja aibu alipokumbuka alivyoingiza mkono kwenye dagaa mbele ya ng'ombe mwenye mbavu.

"Sasa za zamani ni zipi?" aliuliza, kwa kuwa kuuliza si ujinga.

Msichana alionyesha bango ukutani. "Zile pale. Matoleo ya themanini na tano mpaka elfu mbili na tatu, na hizo mia tano. Elfu kumi ya zamani nayo ina tembo vilevile, ndiyo maana watu wanachanganya. Tembo yupo, lakini toleo si lile. Wengi wanaotuletea ni wale walioficha muda mrefu. Halafu zinakuwaga safi kabisa, hata hazijakunjwa."

Consolata aliendelea kulitazama bango. Alisikia neno moja tu, nalo lilimrudia kwa sauti ya chini ya mtu anayeuliza mbele ya chungu: haijakunjwa hata mara moja.

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na tano. Benki ingefungwa saa saba kasoro robo. Kutoka kwa baba mdogo, mtu akikodi bodaboda saa hiyohiyo asisimame popote, angefika dirisha la benki kabla halijafungwa. Alitoka nje akapiga simu. Mzee Felisiani alipokea na kama kawaida yake akaiweka kwenye spika, maana ndivyo tu anavyojua.

"Mmenunua ng'ombe wangapi?"

"Baba mdogo, mpe mama mdogo simu. Haraka."

"Sema tu, anasikia. Yuko hapa."

Consolata alisita. Alifahamu sasa kwa nini mwanamke yule aliuliza akiwa jikoni. Aliona rundo la bati lenye kutu, akaelewa mke wa mtu huyo angeficha nini, na kwa nini, na kwa miaka mingapi. "Mama mdogo," alisema, akichagua maneno, "lile jambo uliloniuliza jana. Nilikosea. Zinazokufa ni zile safi. Za tangu zamani zilizokaa bila kukunjwa. Kama unamjua mtu mwenye nazo, akimbie benki sasa hivi."

Kisha sauti ya mzee, "Mtu gani? Getruda, una pesa wewe?"

"Pesa gani?" Sauti ya Mama Getruda ilitokea mbali. "Mimi nitoe wapi pesa? Huyo mtoto amechoka na safari."

"Mama mdogo, tafadhali..."

"Mimi sina pesa, mwanangu. Safiri salama."

Mzee akaanza kueleza jinsi mwaka sitini na saba ilivyokuwa vilevile, na salio la Consolata likaisha katikati ya kibuyu. Alimnyang'anya Robi simu yake. Alipiga, ikaita bila kupokelewa. Alipiga tena. Alisimama nje ya benki na ndoo miguuni, watu wanampita, na kila dakika aligeuka kutazama mlango. Robi, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na hasira, alimwuliza kama ana hakika. Akasema hana hakika ya kitu chochote tangu Alhamisi, isipokuwa hiki.

Mlinzi alivuta mlango wa chuma saa saba kasoro robo. Watu wawili waliokuja wakikimbia aliwarudisha.

Simu ya Robi iliita saa saba na dakika tano. Namba ilikuwa ngeni. Mama Getruda alikuwa kwa jirani, nyuma ya choo, alikuwa anahema.

"Ameenda kuoga ndio nimetoka, namba nimeiona kwenye simu yake. Consolata, umesema zile safi?"

"Ndiyo, mama. Mama, unazo ngapi?"

"Laki tisa na elfu arobaini. Za pamba, na za mayai. Nimeziweka mle tangu Amos wako hajazaliwa, ndani ya Biblia yangu, mzee asije akazigeuza bati. Hata jua sijazionyesha." Akavuta pumzi. "Jana ulisema zilizochoka. Leo unasema zilizo safi. Kesho mtasema zipi?"

"Nilikosea, mama. Mimi ndiye niliyekosea." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Benki wamefunga."

"Wamefunga." Mama Getruda alilitamka neno hilo polepole, kama mtu anayepiga hesabu ya chumvi. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa na matumaini, na hilo ndilo lililomvunja Consolata kabisa.

"Sasa sikiliza. Zile zenu za dagaa si zimepokelewa? Mimi nikizikunja-kunja hizi, nikazisugua na masizi, nikazilaza kwenye dagaa uliotuachia mpaka Jumatatu, si zitafanana na zenu?"